Tuwaokoe Samaki na Usafi Wetu

Usafi ni jambo jema, wala sina nia ya kulipinga. Tangu utotoni tumefunzwa kunawa mikono, kufagia na kupiga deki. Hakuna shule isiyo na zamu ya usafi, na hakuna kiranja asiyefurahi akiona sakafu inang'aa. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa kizuri hakikosi ila. Ila ya usafi wetu huonekana penye tangi la samaki.

Ndugu msomaji, matangi ya kioo yamo katika maabara, katika maktaba na hata sebuleni kwa watu. Ndani yake mnaogelea samaki wa dhahabu au ngege wadogo. Mambo huwa shwari mpaka siku ya wazazi ikaribie. Hapo amri hutolewa: kila kitu king'ae! Mwanafunzi wa zamu hunyakua sponji ya vyombo na sabuni ya unga. Akiwa na bidii zaidi huongeza ile dawa ya klorini ya kutolea madoa. Tangi hung'aa kweli kweli. Kesho yake samaki wanaelea, matumbo juu. Kisha visingizio huanza: ati walikuwa wagonjwa, ati samaki wa kununuliwa hawadumu. Mimi nasema la hasha! Mara nyingi samaki hao wameuawa na usafi.

Kwa nini nasema hivyo? Samaki hupumua kwa matamvua, yale mashavu mekundu yaliyo chini ya kifuniko cha kichwa. Ngozi ya matamvua ni nyembamba sana ili hewa iliyo majini ipenye hadi kwenye damu. Kinachopitisha hewa hupitisha sumu pia. Sabuni huondoa ule utelezi unaoukinga mwili wa samaki na kuyaharibu matamvua yake. Klorini huyachoma. Dawa nyingi za kusafishia vioo vya madirisha zina amonia, nayo ni sumu kali kwa samaki. Sisi moshi ukijaa bwenini hutoka mbio tukikohoa. Je, samaki atatoka aende wapi?

Huenda mtu akasema, "Kwani tone moja tu litafanya nini?" Hebu tupige hesabu. Chukua tangi la lita 50 na dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kina takriban miligramu 175 za dawa yenyewe. Gawanya kwa 50 upate miligramu 3.5 katika kila lita. Samaki wengi hawawezi kustahimili hata nusu miligramu kwa lita. Kijiko kimoja basi kimezidisha mara 7! Na sponji iliyojaa sabuni hubeba zaidi ya kijiko.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatulijui. Katika changarawe na katika kichujio cha tangi huishi bakteria wema. Samaki hutoa amonia katika uchafu wake, nao bakteria hao huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina madhara makubwa. Huu ndio ule mzunguko wa naitrojeni tunaoukariri kwa ajili ya mtihani. Ukiosha changarawe kwa sabuni au klorini, umewaua wafanyakazi hao wote. Hata ukisuuza mara kumi, samaki atasumishwa na uchafu wake mwenyewe baada ya siku chache. Ndiposa tangi linalong'aa kupita kiasi linaweza kuwa kaburi.

Adui mwingine ni dawa ya mbu ya kupuliza. Sisi Wakenya tunalijua ua la pareto linalolimwa Nakuru, Nyandarua na Kisii. Dawa itokanayo na pareto, pamoja na zile zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga pareto, hutuepusha na mbu bila kutudhuru sana tukizitumia vyema. Lakini kwa samaki ni sumu kali mno. Ubaya ni kwamba pampu ya tangi huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini. Unapuliza pembeni, sumu inafika majini yenyewe.

Wapo watakaocheka na kusema, "Si ni samaki tu, bwana! Wengine tunawala." Kweli tunawala. Lakini anayevuliwa ili aliwe amekuwa chakula cha mtu. Huyu wa tangini tumemfungia sisi, tukamnyima mto na ziwa, kisha tukammwagia sabuni. Anayefunga mlango ndiye anayedaiwa kulinda aliye ndani.

Wengine hukimbilia kumwadhibu mwanafunzi wa zamu. Hilo nalo si haki. Mara nyingi huwa ni mwanafunzi mgeni, aliyeambiwa tangi ling'ae na kupewa sabuni mkononi. Ametii amri. Kosa ni la utaratibu, na utaratibu ndio wa kurekebishwa.

Kwa hivyo napendekeza haya kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Kwanza, tangi liondolewe katika zamu ya kawaida, na wanafunzi wawili au watatu waliofunzwa wapewe jukumu hilo. Pili, pawe na ndoo na sponji zisizowahi kuguswa na sabuni, zimeandikwa SAMAKI kwa herufi kubwa. Tatu, kioo kisuguliwe kwa maji matupu, na nje kipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Nne, tubadilishe robo tu ya maji kwa wakati mmoja, na changarawe isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini. Tano, maji ya mfereji yakae siku nzima katika ndoo wazi ili klorini ipotee. Penye haraka, thiosalfeti ya sodiamu tuliyo nayo katika maabara ya kemia huimaliza klorini mara moja, ila mwalimu ndiye aipime. Sita, dawa ya mbu isipulizwe kabisa katika chumba chenye tangi. Na mikono yenye sabuni au mafuta isuuzwe vizuri kabla ya kuingia majini.

Na ikiwa maji yamekwisha kuingia sumu? Mtamwona samaki akipanda juu kugombania hewa, matamvua yakienda mbio. Msingoje kengele ya kwenda nyumbani. Mhamisheni mara moja katika maji safi yaliyotulia, yenye joto sawa na yale ya tangini, na pampu iendelee kutia hewa.

Haya yote hayahitaji fedha, yanahitaji ndoo moja na uangalifu. Tukishindwa hata na hayo, heri tangi likae tupu, tuweke maua. Samaki hana sauti ya kumlalamikia mwalimu wa zamu. Basi na tumsemee sisi.