Maua hayaliwi, lakini yanashika lupango



Mwezi wa tano unaisha. Mvua zimeanza kuaga, maharagi ya msimu wa pili yanakauka shambani, na kisha siku chache kiangazi kitaingia. Juma hili tuongee juu ya maua ya nyumbani. Najua neno ambalo baba wa nyumba ao mama mkwe atalisema akisikia hivyo: "Maua hayaliwi." Ni kweli. Hapa Nyantende mashamba yamekuwa madogo, midomo ya kulisha ni mingi, na hakuna mama mwenye akili atakayeng'oa sombe ili apande waridi.

Sitawaomba hivyo. Ninawaomba mkubali sheria tatu tu. Ya kwanza: maua yakae pahali ambapo chakula hakiwezi kukaa. Ya pili: maua yanywe maji ambayo yamekwisha kufanya kazi nyingine. Ya tatu: maua yafuate mvua, si mvua ifuate maua. Mama anayezishika hizi tatu hatapoteza chakula, na hatamchosha mtoto wake.

Pahali pa maua

Tazameni lupango zenu. Kuna pembe ya njia inayokanyagwa kila siku. Kuna mstari ulio chini ya ukingo wa manjanja, pale maji ya mvua yanapoangukia na kuchimba mfereji. Kuna ukingo wa udongo nyuma ya nyumba, pale tulipokata mlima ili tupate pahali pa kujenga. Hapo lengalenga haitoi kitu. Lakini hapo ndipo udongo wetu unapoondokea. Kila mvua kubwa inabeba kidogo, na maji mekundu mnayoyaona barabarani ni mashamba yetu yanayokwenda bondeni.

Kwenye ukingo ule pandeni mimea yenye mizizi mingi na minene. Agapante, lile ua la buluu lenye kichwa cha mviringo juu ya fimbo ndefu, inashika udongo vizuri sana. Mchaichai, ile sitronele tunayochemsha asubuhi, unashika vilevile, na tena unanyweka. Pandeni kwa mstari unaolala, wenye kukata mteremko, si mstari unaoshuka nao. Mstari unaoshuka ni sawa na kuyafungulia maji njia. Acheni nafasi ya kiganja kimoja kati ya shina na shina la mchaichai, na ya viganja viwili kwa agapante.

Lakini tusidanganyane. Mizizi ya maua inashika udongo wa juu tu. Mlima wenyewe ukianza kushuka, ukiona ufa mrefu ardhini ao ukuta unapasuka, hiyo si kazi ya maua. Toeni watoto ndani ya nyumba, kisha waiteni majirani na wakubwa wa mtaa.

Mwaka wa maua

*Mwezi wa sita mpaka wa nane.* Hiki ni kipindi cha kufunika, si cha kupanda. Mkisha kupiga maharagi, msichome maganda yote. Yatandazeni chini ya maua, unene wa vidole vinne, mkiacha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze. Majani makavu ya ndizi yanafaa pia. Udongo uliofunikwa unakaa na ubaridi wake siku nyingi. Udongo ulio wazi unapasuka kisha siku tatu. Dalia zikikauka juu, msizililie. Viazi vyake viko hai chini. Viacheni humo, ao vichimbeni na kuviweka ndani ya majivu makavu, pahali pasipo panya. Mwisho wa mwezi wa nane, kateni waridi: ondoeni matawi yaliyokufa na yale yanayosuguana, mkate juu kidogo ya jicho linalotazama inje. Mvua ya kwanza itakuta mti uko tayari.

*Mwezi wa tisa.* Huu ni mwezi wa maharagi na wa masomo. Kuna mbegu za kutafuta, na kuna madaftari ya kununua. Acheni maua kwanza. Jambo moja tu: rudisheni viazi vya dalia ardhini.

*Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili.* Maharagi yameota, mvua imezoea. Sasa pandeni vijiti: waridi, hortansia, jeranyo, hibiskusi. Kijiti kiwe na unene wa kalamu na urefu wa kalamu moja na nusu, kiwe na macho manne ao matano. Ondoeni majani ya chini, yakateni ya juu nusu, mkizike mpaka nusu yake pahali penye kivuli. Hakina haja ya dawa yoyote. Mvua yetu ndiyo dawa. Msikivute kila siku ili kuona kama kina mizizi! Mwalimu anayeng'oa mbegu ili aone kama inaota hatavuna kitu.

*Mwezi wa kwanza na wa pili.* Mvua inapungua kidogo siku kadhaa. Ni wakati wa kupalilia, na ni wakati wa kufikiria tarehe 8 mwezi wa tatu. Kila mwaka siku hiyo ya wanawake tunatafuta maua na hatuyaoni. Tajete, yale maua ya rangi ya machungwa yenye harufu kali, na zinia, yanahitaji majuma nane mpaka kumi tangu mbegu mpaka ua. Hesabuni kurudi nyuma: yapasa mbegu ziwe ardhini katika siku za mwisho za mwezi wa kumi na mbili ao juma la kwanza la mwaka. Mama aliyepanda tarehe hiyo atakwenda kwenye sikukuu na shada lake mwenyewe, na labda atauzia wengine mawili matatu.

*Mwezi wa tatu mpaka wa tano.* Mvua ni nzito. Adui sasa si kiu bali ni maji mengi. Majani ya waridi yanapata madoa meusi na kuanguka. Yaokoteni na kuyachoma, na kateni matawi ya katikati ili upepo upite. Konokono wanatoka jioni. Watoeni kwa mkono. Majivu yanawazuia, lakini mvua ikiyalowanisha hayana nguvu tena. Vile vijidudu vya kijani ao vyeusi vinavyojaa kwenye ncha changa vinaondoka kwa maji ya sabuni: kijiko kidogo cha sabuni katika lita moja ya maji, mnyunyize jioni, mrudie kisha siku nne.

Maji ya kiangazi

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana. Katika kiangazi, maji yanakuwa mbali na foleni inakuwa ndefu. Ni nani anayebeba bidoni? Mara nyingi ni binti. Ninamwona darasani mwezi wa sita, wakati wa mitihani, akiwa na macho mazito. Wamama, ua lisimwagiliwe kwa mgongo wa binti. Kama ua lenu linadai bidoni moja zaidi kutoka mtoni, liacheni likauke.

Lakini halina haja ya kudai. Tufanye hesabu. Nyumba inayoosha vyombo mara mbili kwa siku na kumwaga lita tano kila mara inatupa lita 10. Kwa juma ni lita 70, ni kusema bidoni tatu na nusu za lita 20, zilizokwisha kubebwa na zilizokwisha kulipwa. Maji ya kuoshea mchele, maharagi na mboga ni mazuri kabisa. Maji ya vyombo yenye sabuni kidogo yanafaa pia kama mnayamwaga kwenye udongo, si juu ya majani. Ya nguo, tumieni yale ya mwisho ya kusuuza. Maji yenye javel ao chumvi nyingi, hapana.

Tena, msimwage kidogo kidogo kila siku. Kikombe cha kila siku kinalowanisha vumbi tu, na mizizi inapanda juu kuyatafuta maji. Afadhali kila shina lipate maji mengi mara moja kwa juma, jioni, chini ya maganda yale mliyotandaza. Mizizi itashuka yenyewe.

Ua linalosoma udongo

Milima yetu ina ubaridi. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tuko juu yake. Ndiyo sababu hortansia inapendeza hapa, wakati ndugu zetu wa Uvira, kule kwenye joto la Tanganyika, wanaona taabu nayo na wanapenda bugenvilea.

Hortansia ni mwalimu pia. Itazameni rangi yake. Kama ni ya buluu, udongo wa pale ni mchachu. Katika udongo mchachu alumini inayeyuka, mmea unainywa, na ua linageuka buluu. Udongo usio mchachu unatoa ua la rozi. (Hortansia nyeupe haituambii kitu, haibadiliki.) Sasa alumini ileile inayopendezesha ua inachoma mizizi ya maharagi. Mama anayeona maharagi yake yanabaki mafupi na ya manjano, na hortansia ya mlangoni ni buluu kabisa, amekwisha kupata jibu bila kulipa franka. Peleka samadi iliyooza vizuri na majivu ya jikoni kwenye shamba lile, kidogo kidogo, kila msimu. Haliponi kwa siku moja.

Na mbolea ya maua tuitoe wapi, kama samadi yote inakwenda kwa maharagi? Barabarani. Yale majani machungu yenye maua ya manjano kama alizeti ndogo, yanayoota kila pahali kandokando ya njia, wenye elimu ya kilimo wanayaita titonia. Yana chakula kingi cha udongo. Kateni matawi mateke kabla hayajatoa maua, mkatekate, mzike karibu na mizizi. Ni ya bure, na yanaota tena.

Kuhusu tajete kuna neno moja tena. Mizizi yake inafukuza minyoo midogo sana ya ardhini ambayo inatia vinundu kwenye mizizi ya tomati. Lakini shina moja pembeni halitoshi. Mnapaswa kujaza tuta zima kwa miezi miwili ao mitatu, kisha mpande tomati pale.

Watoto na mbuzi

Si kila kizuri ni salama. Datura, yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ina sumu katika sehemu zake zote. Lorie-rozi vilevile: hata jani lake ni hatari. Mbegu za mbarika zinavuta macho ya watoto, na zinaweza kuua. Utomvu mweupe wa miti ya uzio unaumiza macho sana. Mtoto akipatwa, mwosheni jicho kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha mpelekeni kwa muganga. Aliyekula mmea wa sumu, msimtapishe kwa nguvu. Mpelekeni kituo cha afya palepale, na mchukue tawi la mmea ule ili muganga aujue. Lantana nayo, ile yenye vichwa vidogo vya rangi mbili, inadhuru mbuzi na ng'ombe wakiila.

Na wale wanaopanda ndani ya makopo kwa sababu wamepanga nyumba: toboeni chini, na kila siku ya posho mwageni maji yaliyobaki ndani ya visahani. Yai la mbu linahitaji karibu juma moja tu mpaka mbu aruke.

Kazi ya juma hili

Vikundi vyetu vinajua likilimba ya franka. Tufanye likilimba ya vijiti. Juma hili, kila kikundi kiandike majina ya wanachama na maua ambayo kila mmoja anayo. Mwezi wa kumi, mvua ikizoea, kila juma mama mmoja apokee kijiti kimoja kutoka kwa kila mwenzake. Kikundi cha wamama 12 kitampa kila mmoja vijiti 11, bila mtu kutoa fedha. Wajane na wamama waliofika kwetu bila kitu wapewe zamu za kwanza.

Na kabla ya siku ya posho, nendeni nyuma ya nyumba, mtazame ukingo wa udongo. Wekeni kijiti pale mvua ya mwezi wa nne ilipoishia kula. Mwaka kesho mtapima tena.

Mubaki na amani. Juma lijalo tutaongea juu ya kuhifadhi maharagi yasiingiwe na wadudu.