Mhusika ni wa Nani? Jina, Sura na Tendo katika Tamthilia ya Mfululizo

Ipo dharau katika uhakiki wa Kiswahili iliyokwisha kukomaa hata ikadhaniwa kuwa ni nadharia. Kwa mujibu wake, tamthilia ndefu ya televisheni haina wahusika. Ina sura tu. Ikiwa mwigizaji aweza kuondoka na mwingine akashika nafasi yake bila ya hadithi kusimama, huulizwa, pana mhusika gani hapo wa kuhakikiwa? Mwanafunzi wa uzamili mwenye pendekezo la utafiti wa aina hiyo hushauriwa arejee kwenye riwaya, awagawe wahusika kuwa bapa na duara kama alivyofanya E.M. Forster mwaka 1927, kana kwamba kuhakiki ni kupanga vyombo kabatini.

Hoja hiyo imesimama kichwa chini, miguu juu. Kubadilishwa kwa mwigizaji ndiko hasa kunakoitia dhana ya mhusika mizanini. Kisa cha Roman Brady katika Days of Our Lives, tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 1965, chatosha kuwa ushahidi. Wayne Northrop alimwigiza Roman kuanzia 1981 hadi 1984, mhusika akasadikiwa amekufa. Mwaka 1986 akatokea Drake Hogestyn, mtu asiyejijua aliyeitwa John Black. Ikafumbuka kwamba ndiye Roman, amebadilishwa sura kwa upasuaji. Marlena, mkewe Roman, akafunga naye ndoa upya mwaka huo huo. Kisha mwaka 1991 Northrop akarejea, na waandishi wakaamua kwamba huyu ndiye Roman wa kweli, yule wa pili hakuwa Roman kamwe.

Roland Barthes, katika S/Z (1970), anashikilia kwamba mhusika huzaliwa pale sifa zile zile zinapolipitia jina moja mara kwa mara na kutuama humo. Ni dai lenye nguvu katika riwaya. Hapa jina lilirudishwa kwa mwenyewe, lakini matendo ya miaka mitano yalikataa kulifuata. Mapenzi ya John na Marlena yalibaki na uso uliokuwa umeyaigiza, na John Black, aliyevuliwa jina, ukoo na historia, akawa mmoja wa nguzo za tamthilia hiyo. Hogestyn alimwigiza, kwa vipindi, hadi alipofariki mwaka 2024. Hakuna mwandishi aliyemkusudia mhusika huyo mwaka 1986. Alizaliwa kwa sababu hadhira ilikuwa imekwisha kuyahifadhi matendo yake, na hifadhi hiyo haikufutika kwa kalamu.

Katika Dallas mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1984 Donna Reed alipewa nafasi ya Miss Ellie iliyokuwa ya Barbara Bel Geddes. Jina lilikuwapo, ukoo ulikuwapo, shamba la Southfork lilikuwapo. Baada ya msimu mmoja Bel Geddes akarejeshwa, na Reed akaenda mahakamani.

Watasema wengine kwamba yote haya ni biashara: mikataba, afya, mishahara. Ni kweli, wala hakuna anayebisha. Riwaya za Dickens nazo zilitoka kwa mafungu ya kuuzwa. Wasomi wa fasihi simulizi, kwa upande wao, watamtaja Abunuwasi, ambaye kila fanani humpa sauti yake naye akabaki kuwa Abunuwasi. Mfano huo wasaidia, ila si kwa ukamilifu. Fanani huuazima mwili wake kwa kitambo tu, huku hadhira ikijua kwamba si Abunuwasi aliyeketi mbele yake. Televisheni hudai kwamba mwili ule ndio wa mhusika, kisha huuondoa.

Mwaka 1997 Roman alipata sura ya tatu, ya Josh Taylor. Taylor huyo, kati ya 1977 na 1987, alikuwa ameigiza Chris Kositchek katika tamthilia hiyo hiyo. Chris na Roman waliwahi kuishi katika mji mmoja wa Salem, wakati mmoja. Ilimbidi mtazamaji wa siku nyingi amsahau mmoja ili amwone mwingine, naye akafanya hivyo bila ya kusaidiwa na nadharia yoyote.