Andikeni Majina Yote

Kila nikivaa fulana yangu ya R.E.M. hakosi mtu wa kuniambia, "Aa, ile bendi ya yule jamaa mwenye kipara!" Anamaanisha Michael Stipe, mwimbaji, ambaye wengi wamemwona kwenye video ya "Losing My Religion" akirusharusha mikono kama aliyevamiwa na nyuki. Kwa kawaida hucheka nikaacha yapite. Leo siachi. R.E.M. haikuwa bendi ya yule jamaa, na anayesema hivyo anarudia uongo ambao umeua vikundi vingi kuliko njaa: kwamba kwenye kila kundi kuna mmoja mwenye kipaji na wengine ni wasindikizaji.

Nina ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni albamu 15. Wa pili ni fomu moja niliyoijaza kwa mkono wangu, nami nitaifikia.

Ile fulana niliinunua Karume, kwenye fungu la mitumba, kwa shilingi 3,000. Ilikuwa ya rangi ya chungwa iliyopauka, na mgongoni imeandikwa 1995. Nilidhani ni ya kampuni ya mashine. Rafiki yangu wa chuo aliponiona nayo alicheka mpaka akakaa chini, kesho yake akaniletea flashi yenye albamu zote, kuanzia Murmur ya 1983 hadi Collapse into Now ya 2011. Nilizisikiliza kwa mpangilio, ndani ya daladala, foleni kwa foleni, kwa muda wa miezi miwili. Kwa hiyo ninapobisha, nabisha kama mtu aliyekaa nazo.

Bendi ilianza mwaka 1980 huko Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, Marekani. Peter Buck alikuwa muuzaji kwenye duka la santuri, na Stipe, mwanafunzi wa sanaa, alikuwa mteja wake. Mike Mills na Bill Berry walikuwa wakipiga muziki pamoja tangu sekondari. Onyesho lao la kwanza lilikuwa Aprili mwaka huo, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa. Buck alishika gitaa, Mills besi, Berry dramu, Stipe akaimba. Baada ya hapo wakawa watu wa barabarani, wanne na vyombo vyao, wakipiga popote penye umeme.

Wakiwa bado hawana kitu cha kugawana, waliweka utaratibu. Kila wimbo wanaoutunga utabeba majina ya wote wanne kwa mpangilio wa herufi: Berry, Buck, Mills, Stipe. Haijalishi nani kaja na wazo, nani kaandika maneno, nani kapiga noti tatu tu. Mirabaha inagawanywa sawa kwa sawa. Na mmoja wao akikataa jambo, jambo hilo halifanyiki. Ona jina la mwimbaji liko wapi. Liko mwisho.

Sasa sikiliza Murmur. Mwaka ambao dunia nzima ilikuwa ikicheza Thriller ya Michael Jackson, jarida la Rolling Stone liliitaja Murmur kuwa albamu bora ya mwaka. Humo ndani, huyo jamaa yuko wapi? Sauti yake imezamishwa katikati ya vyombo. Maneno anayatafuna kiasi kwamba hata waliozaliwa na Kiingereza walibaki wakibahatisha. Kinachokushika ni gitaa la Buck, linalopigwa uzi mmoja mmoja na kulia kama kengele. Ni besi la Mills, lisiloridhika kukaa chini kama besi za watu wengine, linapanda juu na kuimba. Ni Berry anayejua lini asipige. Ukimtoa mmoja, unabaki na mazoezi ya jioni ya wanafunzi.

Walitoa albamu kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo: Murmur, Reckoning, Fables of the Reconstruction waliyoirekodia London, Lifes Rich Pageant ambapo maneno ya Stipe yanaanza kusikika vizuri, na Document ya 1987, iliyowavusha nakala milioni moja nchini kwao. Mwaka uliofuata wakahamia lebo kubwa, Warner, na kutoa Green. Huu ndio wakati ambao bendi nyingi huvunjika. Pesa zinaingia, viwanja vinajaa, na kamera zimemkazia macho mtu mmoja. Wao walifanya nini? Mwaka 1991 walitoa Out of Time wakiwa wamebadilishana vyombo. Buck aliweka gitaa pembeni akashika mandolini, chombo alichokuwa ndiyo kwanza anajifunza. Mills alihamia kwenye kinanda. Berry, mpiga dramu, alipiga besi kwenye baadhi ya nyimbo. Kutoka kwenye ile mandolini ya mwanafunzi ukazaliwa "Losing My Religion", wimbo uliofika nafasi ya 4 kwenye chati ya Marekani.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na naomba uisome polepole. Watu husifia mgao sawa kama wema, kama vile R.E.M. walikuwa watakatifu. Mimi nasema ulikuwa chombo cha muziki, kama gitaa lilivyo chombo. Fikiria mpiga dramu anayelipwa kwa nyimbo alizopiga dramu. Siku wimbo unapohitaji dramu zikae kimya, atakubali? Atatafuta mahali pa kuchomeka hata kengele ya baiskeli ili na yeye ahesabiwe. Fikiria mpiga gitaa ambaye jina lake litafutwa asipopiga. Atapiga. Na wimbo utajaa vitu ambavyo haukuviomba.

Kisha sikiliza Automatic for the People ya 1992. Katika "Nightswimming" kuna piano ya Mills, sauti ya Stipe na vyombo vya nyuzi vilivyopangwa na John Paul Jones, yule mpiga besi wa Led Zeppelin. Gitaa la Buck halimo. Dramu za Berry hazimo. Majina yao yamo. Katika "Everybody Hurts", kwa sehemu kubwa mapigo yameshikwa na mashine ndogo ya bei rahisi. Je, unajua nani aliyeuleta wimbo ule kwenye bendi? Berry. Mpiga dramu alileta wimbo usiohitaji sana dramu, na hakupoteza hata senti kwa kukaa pembeni. Albamu ile ina utulivu ambao wengi wameuita ukomavu. Mimi nauita utulivu wa watu wasioviziana.

Linganisha na The Smiths wa Uingereza. Walitoa albamu nne za studio, kuanzia 1984 hadi 1987, wakavunjika. Sisemi pesa peke yake ndiyo iliyowavunja. Nasema kilichofuata. Mwaka 1996 mpiga dramu wao, Mike Joyce, alisimama Mahakama Kuu ya London akidai robo ya mapato ya kurekodi na maonyesho, baada ya miaka mingi ya kupewa asilimia 10. Alishinda. Mwaka huohuo R.E.M., wakiwa na miaka 16 pamoja, walisaini mkataba mpya na Warner uliotajwa kufikia dola milioni 80, na hapakuwa na wakili wa mmoja aliyetumwa kumkaba mwingine.

Najua utakachosema, kwa sababu nami niliwahi kukisema. Mgao sawa unamlea mvivu. Anayeandika maneno usiku kucha hawezi kulingana na anayekuja mazoezini na vijiti viwili. Nilikisema kwa kalamu.

Tulikuwa watatu. Mimi niliimba na kupiga gitaa, binamu yangu alipiga besi, na rafiki yetu alipiga kasha la mbao kwa kuwa dramu hatukuwa nazo. Nilitunga wimbo, maneno na kodi, nikaupeleka mazoezini nikiwa najiona. Tulipoupiga mara ya tatu, yule wa kasha akasimama katikati. "Kaka, hapa tunyamaze wote. Wewe imba mistari miwili peke yako, halafu turudi pamoja." Tukajaribu. Kuanzia siku hiyo, kila tulipopiga, watu walikuwa wakisubiri kile kimya. Ukumbi ulitulia, kisha kasha likirudi watu wanapiga kelele.

Kampuni moja ikauomba wimbo kwa ajili ya tangazo. Ikaja fomu. Kwenye mstari wa watunzi nikaandika jina moja, langu. Sikujiona mwizi hata kidogo. Maneno yangu, kodi zangu, mtunzi nani tena? Ililipwa shilingi 1,800,000. Nikawapa wenzangu 150,000 kila mmoja na nikajiona mkarimu. Rafiki yangu alizipokea kwa mikono miwili. "Asante kaka. Wimbo wako." Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata alimtuma mdogo wake kuchukua kasha. Tulirekodi nyimbo mbili nyingine na mtu mwingine, na sijawahi kusikia mtu akiziulizia. Tangazo lilipotoka redioni lilikuwa na sekunde chache tu za wimbo. Walichagua palepale penye kimya.

Kwa hiyo usiniambie kuhusu mvivu. Mvivu mnamtoa kwenye kundi mapema, hamumweki humo kwa asilimia 8. Mkishamkubali mtu kuwa mwenzenu, mmekubali kwamba kuna siku atasema neno moja litakalobeba wimbo mzima, na hamjui ni siku gani.

Wapo wanaotumia miaka ya mwisho ya R.E.M. kunipinga. Tarehe 1 Machi 1995, wakiwa jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo wa Berry. Alifanyiwa upasuaji, akapona, ziara ikaendelea, na nyimbo nyingi za New Adventures in Hi-Fi ya 1996 zilirekodiwa wakiwa katika ziara hiyohiyo. Lakini Oktoba 1997 aliaga. Alitaka kukaa shambani kwake Georgia, na aliwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kutaivunja bendi, basi hataondoka. Wakaendelea watatu. Up ya 1998 imejaa mashine za mapigo na vinanda, albamu ya watu wanaopapasa ukuta gizani, na naipenda kwa hilo. Reveal ina jua lake. Around the Sun ya 2004 hata Buck mwenyewe hakuficha kutoiridhia. Accelerate ya 2008 ilirudisha kasi. Wakosoaji wanasema: unaona? Hawakuwa wale tena.

Naona, na ndicho ninachosema. Wahenga wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga matatu yanakiinjika, na chungu cha R.E.M. hakikumwagika. Lakini kiliyumba, na aliyekosekana hakuwa yule wa mbele ya kamera. Alikuwa yule wa nyuma kabisa. Kama Berry alikuwa msindikizaji tu, wangeajiri msindikizaji mwingine na mambo yangekwenda. Waliajiri wapiga dramu hodari kweli. Hawakumpa yeyote nafasi ya Berry ndani ya bendi mpaka mwisho.

Septemba 2011 walitangaza kwamba imetosha. Hawakuachana kwa ugomvi wala kwa kesi. Juni 2024, ukumbi wa heshima wa watunzi wa nyimbo huko New York uliwaingiza wote wanne. Rudia kusoma: wa watunzi. Mpiga dramu aliyekuwa ameshaondoka kwa miaka 27 aliingia kama mtunzi, sawa na Stipe, kwa sababu tangu siku hawana kitu jina lake liliandikwa. Usiku ule wakapiga "Losing My Religion" pamoja mbele ya watu, baada ya miaka mingi. Waliweza kusimama jukwaa moja wakitazamana usoni.

Nilitazama video hiyo kwenye simu, kitandani, na sikulala vizuri. Jumatatu nilikwenda kubadilisha fomu. Dada wa mapokezi akauliza, "Huyu wa pili alitunga sehemu gani?" Nikamwambia, ile ambayo hakuna kinachopigwa. Alinitazama kidogo, kisha akaandika. Jina langu sasa ni la tatu kwa mpangilio wa herufi. Pesa nilishakula zamani, kwa hiyo nawatumia wenzangu kwa simu, kidogo kidogo. Binamu yangu alinipigia akicheka. Yule mwingine ameniandikia mara moja tu: "Nimeona." Sijui kama atarudi, na sina haki ya kumwambia arudi.

Wewe mwenye kundi, liwe la muziki, la filamu au la kutengeneza programu chumbani kwenu, na wewe unayemtumia prodyuza wimbo halafu jina lake unaliacha nje: kaeni chini wiki hii. Chukueni karatasi, andikeni majina yote kwa herufi, mgawanye sawa, mtie sahihi. Fanyeni sasa, wakati hakuna cha kugawana na kila mmoja anampenda mwenzake. Siku pesa itakapokuja, kalamu itakuwa mkononi mwa mmoja wenu, na atakuwa na sababu nzuri sana za kuandika jina lake peke yake. Mimi nilikuwa nazo.