Baada ya Machozi, Nani Atabeba?



Mpendwa msomaji, Februari 2016 wakazi wa Berlin, Ujerumani, waliona nguzo za ukumbi wao mkubwa wa muziki zimefunikwa kwa majaketi ya kujiokolea majini yapatayo 14,000. Msanii Ai Weiwei, mzaliwa wa China, aliyapata kutoka kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, ambako wakimbizi waliyavua baada ya kuvuka bahari. Katika sanaa ya namna hii, msanii huchukua vitu halisi na kuvisimika mahali pa watu wengi, ili waliozoea habari wapate kushtuka.

Wapo wanaouliza: majaketi hayo yanamsaidia nini mkimbizi? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2019, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, msanii Christoph Büchel alionyesha mabaki ya boti iliyozama Aprili 18, 2015 ikitoka Libya. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 700 na 1,100. Boti hiyo iliwekwa jirani na mgahawa, bila bango la maelezo kando yake. Wapo waliojipiga picha mbele ya kitu kilichokuwa kaburi.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Nasi kila Ijumaa ya Kwaresima tunapita mbele ya picha 14 za Njia ya Msalaba, tunapiga magoti, kisha tunarudi nyumbani vilevile. Katika njia ile walikuwapo watu wa aina tatu. Wengi walitazama. Akina mama wa Yerusalemu, kituo cha nane, walilia. Yesu hakuyadharau machozi yao, ila aliwaelekeza wajililie wao wenyewe na watoto wao. Na mmoja tu, kituo cha tano, alibeba: Simoni wa Kirene.

Kirene iko wapi? Iko katika Libya ya leo, nchi ileile ambayo boti nyingi za wakimbizi huondokea. Mtu wa pwani ile ndiye aliyemsaidia Bwana kuchukua msalaba. Leo wanaotoka pwani ile wanazama, nasi tunatazama.

Sanaa njema inaweza kutufikisha kituo cha nane. Ikitutoa machozi, imefanya kazi yake. Kuingiza bega chini ya msalaba ni kazi yetu, wala hakuna msanii wa kutufanyia.

Mwaka 2013, boti zilipozama karibu na kisiwa cha Lampedusa, Italia, na mamia ya watu kufa, seremala wa kisiwani, Francesco Tuccio, alikutana kanisani kwake na Waeritrea walionusurika. Hakuwa na uwezo wa kubadili hali yao. Alikwenda kuokota mbao za boti zilizovunjika, akawatengenezea misalaba, akawapa. Msalaba mmoja aliotengeneza kwa mbao hizo sasa uko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Lakini kazi ile ilianza mikononi mwa wenye msiba kabla ya kufika machoni pa watazamaji.

Kwetu Tanzania mkimbizi si habari ya mbali. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, imewapokea Wakongo tangu 1996, na Warundi wengi tangu 2015. Tumezoea kusema kwamba wakimbizi ni mzigo. Kuni, maji na ardhi vina kikomo, na wenyeji wa Kasulu wanalijua hilo kuliko sisi wahubiri. Injili haisemi kwamba msalaba ni mwepesi. Simoni mwenyewe hakujitolea. Alikuwa anatoka shambani, akalazimishwa. Lakini aliyekuwa chini ya mzigo ule alikuwa Bwana.

Wiki hii Jumuiya Ndogo Ndogo yako itakapokutana, jiulizeni: ni nani mtaani kwetu aliyekimbia vita au njaa, na tunamwita tu “yule mgeni”? Muulizeni jina lake. Muulizeni amekula nini, na watoto wake wanasoma wapi. Kisha mgawane yale mnayoweza kubeba.

Ee Bwana, uliyekimbizwa Misri ukiwa mtoto, utuguse mioyo, kisha utuguse na mabega. Amina.