Kipepeo Mwenye Nguo Mbili

Je, msomaji mpenzi, umewahi kupita nyasini ukamwona kipepeo mdogo wa rangi ya kahawia akiruka chini chini, kisha akatua na kutoweka machoni pako? Pengine hukumjali. Sisi huwakodolea macho wale wenye rangi za kumeta, na huyu tukampita kama jani kavu. Leo nakuomba umtazame, kwani ana jambo la kutufunza.

Wataalamu humwita Bicyclus anynana. Makao yake ni Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara letu, mahali penye nyasi, vichaka na miti. Hana haja sana na maua. Chakula chake ni matunda yaliyoanguka na kuanza kuoza. Mtoto wake, yaani kiwavi, hula nyasi. Wakati wa joto, safari ya kutoka yai hadi kipepeo huchukua takriban mwezi mmoja.

Ajabu yake ni hii. Wakati wa mvua, akitua na kukunja mabawa, utaona madoa makubwa ya mviringo, kila moja lina kitone cheupe katikati, mithili ya macho. Wakati wa kiangazi madoa hayo huwa madogo, yamefifia, na bawa lote hufanana na jani lililokauka. Asiyejua angeapa kuwa hao ni vipepeo wa aina mbili. Kumbe ni ukoo mmoja!

Sababu ni adui. Mvua inaponyesha nyasi huwa kijani, na mdudu wa kahawia hana pa kujificha. Basi madoa humhadaa mwindaji. Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kuwa vunjajungu huyarukia madoa yaliyo ukingoni mwa bawa, akaacha kichwa na kiwiliwili. Kipepeo hupoteza kipande cha bawa, lakini huponyoka akaenda kutaga mayai. Kiangazi mambo hugeuka. Nyasi za kulisha viwavi hakuna, na majani makavu yametapakaa chini. Hapo dawa ni kutulia usionekane, na kutaga kungoje mvua irudi.

Sasa, nani humwambia avae nguo ipi? Mwaka wa 1988 majike zaidi ya 80 walichukuliwa Nkhata Bay, kando ya Ziwa Malawi, na uzao wao ukafugwa katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, viwavi wakilishwa miche ya mahindi. Ilionekana kuwa viwavi waliolelewa katika joto la digrii 27 walitoka na madoa makubwa. Waliolelewa katika digrii 20 au chini yake walitoka na madoa madogo. Kule Malawi, mvua inapokaribia kwisha ubaridi huingia, ndipo kiangazi hufuata. Sisi husema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa kiwavi, dalili ya kiangazi ni baridi.

Lakini hapo ndipo penye mashaka. Kipepeo akishatoka hawezi kubadilisha nguo. Dunia inapozidi kupata joto, ubaridi ule waweza kuchelewa ilhali mvua imekwisha. Atatoka na madoa makubwa katikati ya majani makavu, kila ndege amwone. Mkulima aliyepanda kwa mvua ya kwanza, kisha jua likawaka mwezi mzima, anaijua hasara hiyo.

Jamaa wa kipepeo huyu wapo hapa Kenya, pembeni mwa misitu na penye nyasi ndefu. Mzazi, wapeleke watoto wakawatafute, bila kuwashika mabawa. Nawe mwanafunzi, chukua daftari uandike tarehe, hali ya hewa na ukubwa wa madoa. Rudi papo hapo msimu ukibadilika, uone ni nguo gani imevaliwa.