Prof akitumia mashine, aseme. Na sisi tuseme.

Wandugu, vijana wenzetu mulio mu vyuo, na nyinyi mulimaliza kama sisi na mungali munatafuta kazi,

Mu chuo kimoja cha mji wetu wa Butembo, mwanafunzi wa agronomia alirudishiwa TFC yake. Aliandika juu ya mnyauko, ule ugonjwa unaomaliza migomba ya Lubero. Alitembea mashambani kwa miguu, akaongea na wakulima, akahesabu mashina moja moja. Kabla ya kutetea, aliambiwa: programu ya kupima imeonyesha kwamba kazi yako iliandikwa na akili bandia. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja juu ya shamba. Mwaka umepotea, wazazi watalipa minervali tena.

Wakati ule ule, promosio yake ilikuwa inauziwa silabusi. Dola 10, na asiyenunua anajua kitakachomfikia. Ndani yake kuko sentensi ambamo mashine inajitambulisha yenyewe, inasema habari zake zinaishia mwaka 2021. Prof alikopia, akabandika, hakusoma. Huyo hakurudishiwa kitu.

Hapo ndipo tunakataa.

Hatusemi akili bandia ni shetani. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kila mwenye simu na mega kidogo ameijaribu. Inakuelezea somo la takwimu mara tano bila kukutukana. Inakusahihishia Kifaransa. Sisi wenyewe tunaitumia kuandika barua za kuomba kazi. Prof naye anaweza kuitumia kutafuta mifano na mazoezi. Hiyo si kosa.

Lakini mashine hii inapanga maneno yanayofanana na kweli, hata pasipo na kweli. Ukiiomba vitabu juu ya migomba ya Lubero, inaweza kukupa mwandishi, mwaka na ukurasa wa kitabu ambacho hakijawahi kuwako. Na mambo ya kwetu ndiyo inakosea zaidi, juu kidogo sana kimeandikwa juu yetu. Yule mwanafunzi aliyehesabu mashina ndiye alikuwa analeta kitu ambacho mashine haina. Ni yeye aliyeadhibiwa.

Na programu za kupima? OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, waliondoa ya kwao Julai 2023 juu ilikuwa inakosea sana. Mwaka huo huo, watafiti wa chuo cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba programu hizo zinawashtaki kwa urahisi watu wanaoandika Kiingereza kama lugha ya kigeni. Sisi tunaongea Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa tunakutana nacho ku masomo. Nani atatuhakikishia kwamba hatuonewi vile vile?

Kwa hiyo tunadai mambo manne:

1. Kila mtu aseme. Mwanafunzi aandike mwisho wa kazi yake mashine ilimsaidia wapi. Prof aandike vile vile ku ukurasa wa kwanza wa silabusi, kabla ya kuomba pesa.

2. Programu ya kupima isiwe hakimu. Kama kuko shaka, mwanafunzi aitwe, aonyeshe daftari lake la shambani, aulizwe maswali. Juri iko juu ya kazi hiyo.

3. Kopi zetu za mtihani zisitiwe mu mashine ili itoe pointi. Ziko na majina yetu, na kodi ya numeriki ya Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Aliyefundisha ndiye asahihishe.

4. Sheria hiyo iandikwe, wajumbe wa wanafunzi wakiwako, ibandikwe ku valve mwanzo wa mwaka. Mtu asiadhibiwe kwa sheria ambayo hakuiona.

Na sisi tusijidanganye. Kuko wenzetu wanaoandikisha TFC nzima ku mashine, kama vile wengine zamani waliinunua ku nyumba za fotokopi. Mbele ya juri wanasoma tu kile kilichoandikwa. Ukiwauliza kwa nini, wananyamaza. Sisi tunaobeba diplome mlango kwa mlango tunalipa deni hilo: mwajiri akipata mmoja asiyejua kitu, anafungia kumi. Diplome ndiyo mali pekee wazazi wetu walituuzia mbuzi na shamba ili tuipate. Tusiichome wenyewe.

Wiki hii, mukiwa darasani, muulize kwa heshima, na musiulize mmoja mmoja: «Prof, silabusi hii iliandikwa namna gani?» Aliyefanya kazi yake hatakasirika. Na yeye akituuliza swali hilo hilo juu ya TFC zetu, tuwe na daftari mkononi.