Acheni Kutuambia "Ajali Haina Kinga"



Kijana akianguka kwenye mjengo, maneno ni yale yale. Foromani anasema, "Ajali haina kinga." Mzee mmoja anaongeza, "Ni kudra." Tajiri wa jengo analeta gunia la mchele matangani, sisi tunamwombea dua. Jumatatu kazi inaendelea, na jukwaa ni lile lile.

Kudra tunaiamini. Lakini hebu uliza: nani alifunga lile jukwaa kwa kamba kuukuu na misumari miwili ili aokoe pesa? Nani aliwaingiza vijana kwenye mtaro wenye kina kuliko kimo chao, bila mbao za kuzuia kuta, msimu wa mvua, huku mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito zaidi ya tani? Nani aling'oa nguzo za slabu mapema, na zege hupimwa nguvu yake kamili siku ya 28? Nani aliwapandisha watu na vyuma virefu kando ya nyaya za umeme? Hiyo si kudra. Hiyo ni hesabu ya mtu aliyeona mbao ni ghali kuliko wewe.

Mnakumbuka Huruma, Nairobi, Aprili 2016? Jengo lilianguka usiku wa mvua kubwa, watu karibu 50 wakafa. Wengine wakalaumu mvua. Kumbe jengo lilikuwa limeshaamriwa libomolewe! Mvua ilimalizia tu kazi ya binadamu.

Sasa sikiliza hapa, maana hili hawatakwambia. Sheria mbili zilipitishwa 2007. Ya usalama kazini inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, na hana ruhusa kukukata pesa kwa ajili yake. Ukiona hatari kubwa, mwambie msimamizi. Hawezi kukulazimisha urudi pale kabla hajairekebisha.

Ya pili, WIBA, ni ya fidia. Mfanyakazi akifa kazini au akilemaa kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Usidanganywe eti wewe ni kibarua tu: makubaliano ya mdomo pia ni mkataba. Mwajiri anatakiwa awe na bima na aripoti ajali ndani ya siku 7. Wewe au familia yako mna miezi 12 kudai.

Kwa hiyo lile gunia la mchele si sadaka. Ni deni la miaka minane lililolipwa kwa mchele, na sisi tukaitikia "Amin".

Na tusijifiche: baadhi ya hao matajiri tunaswali nao safu moja. Basi waambiwe, kwa adabu lakini waziwazi.

Wewe wa mjengo, fanya hivi. Andika jina la kontrakta na namba yake. Piga picha jukwaa kabla hujapanda. Mwenzako akiumia, tafuta mashahidi siku hiyo hiyo, mtunzie karatasi za hospitali, mpeleke ofisi ya leba. Na msikatae kazi mbovu mmoja mmoja, maana mmoja hubadilishwa asubuhi. Kataeni nyote.

Mtumie ndugu yako aliye mjengoni ujumbe huu leo, kabla hajapanda kesho.